Gauti Ufipa: Tuache Kulaumu Maharage

Ushauri anaopewa Mtanzania mwenye gauti unajulikana hata kwa watoto: acha nyama nyekundu, acha maharage, acha dagaa. Hutolewa kwenye zahanati, hurudiwa kwenye duka la dawa muhimu, na ndugu wakija kumjulia hali mgonjwa huukazia tena kabla hawajakaa. Mtu wa Dar es Salaam mwenye kipato kizuri anaweza kuuvumilia ushauri huo, kwa kuwa sokoni kwake kuna kuku, mayai, mtindi na mboga za kila namna. Huku kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kuanzia Sumbawanga kupita Chala na Kate hadi Namanyere, hali ni nyingine. Maharage ndiyo kitoweo cha siku sita kati ya saba. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaopandishwa wakiwa wakavu kutoka Kirando, Kipili na Kasanga, ndio samaki wa mwenye shilingi chache. Nyama husubiri Krismasi, Pasaka au harusi. Ukimwondolea Mfipa vitu hivyo vitatu umembakizia ugali na majani, na bado hujamgusa adui yake mkubwa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba orodha ya makatazo ya gauti tumeiandika kuanzia chini kwenda juu. Tumetanguliza vyakula ambavyo ushahidi dhidi yake ni mdogo zaidi au haupo kabisa, tukaacha pembeni vinywaji viwili vyenye ushahidi mzito: kinywaji chenye sukari na kinywaji chenye kilevi.

Tuanze na kinachotokea mwilini, maana bila hicho ubishi wote unakuwa wa maneno matupu. Asidi ya yuriki ni mabaki ya purini, na purini ni malighafi iliyomo katika kila chembe hai: ya ng'ombe, ya dagaa, ya mharage na yetu wenyewe. Sehemu kubwa ya asidi hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe, chembe zake zinapokufa na kuzaliwa upya. Chakula huongeza sehemu ndogo tu. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi asidi hii hadi iwe kitu kinachoyeyuka kirahisi kwenye mkojo. Binadamu na jamaa zake sokwe walikipoteza kimeng'enya hicho mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo sisi tunazitegemea figo zitoe takriban theluthi mbili ya mzigo, na utumbo utoe uliobaki. Damu yenye joto la kawaida la mwili huweza kubeba kama miligramu 6.8 za asidi hii kwa kila desilita. Zikizidi hapo, ziada huanza kujitenga na kuwa fuwele, kama chumvi iliyozidi kwenye maji. Fuwele hizo hupendelea sehemu za mwili zilizo mbali na zenye ubaridi, kwa kuwa ubaridi hupunguza uwezo wa kuyeyusha, na ndiyo maana shambulio la kwanza mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu, usiku, bila taarifa. Mtu alilala mzima. Alfajiri hawezi kuvumilia hata shuka liguse kidole. Kwa ghafla yake hiyo, si ajabu wengi nchini hushuku kwamba mgonjwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani, na miezi kadhaa hupotea kwa waganga kabla damu haijapimwa.

Asidi ya yuriki hupanda kwa njia mbili: mwili kutengeneza nyingi kuliko kawaida, au figo kutoa kidogo kuliko kawaida. Hapo ndipo sukari na pombe zinapojitofautisha na vyakula vingine vyote. Mharage una purini zake, basi; kazi yake huishia hapo. Sukari na pombe huuchokoza mwili wenyewe utengeneze asidi zaidi, na wakati huohuo huzizuia figo zisiitoe. Sukari ya mezani, iwe imetoka Kilombero, Kagera au TPC Moshi, ni muungano wa glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Glukosi husambaa mwilini na kutumika kila mahali chini ya ulinzi wa insulini. Fruktosi huenda zaidi kwenye ini, na ini halina breki ya kuipunguzia kasi. Kila chembe ya fruktosi inayoingia humezwa na kimeng'enya kinachotumia ATP, ambayo ndiyo akiba ya nishati ya seli. Fruktosi ikija nyingi kwa pamoja, akiba hiyo hupungua ghafla, na mabaki ya ATP iliyotumika hayarudishwi yote ghalani. Sehemu yake huvunjwavunjwa hatua kwa hatua mpaka iwe asidi ya yuriki. Jambo hili si jipya. Mwaka 1967 Jaakko Perheentupa na Kari Raivio wa Finland walieleza katika jarida la The Lancet jinsi fruktosi inavyopandisha asidi ya yuriki kwenye damu. Ina maana sukari isiyo na purini hata chembe inazalisha kilekile tunachokiogopa kwenye nyama.

Neno la kushika katika maelezo hayo ni wingi unaokuja kwa pamoja. Embe lina fruktosi, lakini limo ndani ya nyuzinyuzi na maji, linatafunwa taratibu, na lina vitamini C ambayo inazisaidia figo kuitoa asidi ya yuriki. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 hadi 39 za sukari, yaani vijiko vya chai tisa hivi, na mtu mwenye kiu akitoka shambani huimaliza kwa dakika mbili. Hatuishii kwenye soda. Kwenye baridi ya Ufipa ya Juni na Julai chai ya rangi huandaliwa asubuhi, huandaliwa tena mgeni akiingia, na jioni birika hurudi jikoni. Anayeweka vijiko vinne kwenye kikombe na kunywa vikombe vitatu amefikisha vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50, bila kugusa chupa yoyote. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hiyo. Mnywa chai wetu ameigusa dari kabla ya kuongeza soda moja kwenye sherehe. Nitaje na asali, maana Rukwa na Katavi ni nchi ya mizinga, na asali imepewa heshima ya dawa. Ina sifa zake nyingi nzuri, lakini fruktosi ndiyo sukari iliyomo kwa wingi zaidi ndani yake. Mwenye gauti akibadili sukari akaweka asali kwa kipimo kilekile, ini lake halitaona nafuu.

Ushahidi wa watu halisi unakwenda njia moja na maelezo ya maabara. Hyon Choi na Gary Curhan walichapisha mwaka 2008 katika jarida la BMJ matokeo ya kuwafuatilia wanaume 46,393 wa Marekani, wote wahudumu wa kada za afya, kwa miaka 12. Katika muda huo 755 walipata gauti kwa mara ya kwanza. Waliokunywa soda mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Soda zisizo na sukari hazikuonesha uhusiano wowote na gauti, na hilo linatuambia tatizo si gesi wala rangi. Miaka miwili baadaye Choi na wenzake waliripoti kuhusu wanawake 78,906 waliofuatiliwa kwa miaka 22: soda moja kwa siku iliandamana na ongezeko la asilimia 74, na mbili au zaidi zikaifanya hatari iwe zaidi ya mara mbili. Wanawake hawa walikuwa wauguzi, watu wanaojua chakula bora ni kipi.

Kuna pingamizi la kitaalamu linalostahili jibu la kitaalamu. Watafiti walipokusanya majaribio ambamo watu hulishwa fruktosi chini ya uangalizi, waligundua kwamba fruktosi ikiwekwa badala ya wanga mwingine, nishati ya siku ikabaki ileile, asidi ya yuriki haikupanda kwa kiasi cha kutajika. Ilipanda pale fruktosi ilipoongezwa juu ya mlo kamili. Wengine huyatumia matokeo haya kuisafisha sukari. Mimi nayaona yanaihukumu sukari ya Ufipa kwa uwazi zaidi. Ni nani katika vijiji vyetu hupunguza tonge la ugali kwa sababu leo atakunywa soda? Sinia huliwa mpaka liishe, kisha soda hufuata. Sukari yetu ya kunywa haichukui nafasi ya chakula, inapanda juu yake, na hali hiyo ndiyo ileile ambayo majaribio yameikuta na kosa. Tena kwa mtu mwenye shughuli za kukaa mjini Sumbawanga, mwalimu, dereva, mfanyabiashara wa nafaka, ziada hiyo hugeuka mafuta tumboni, na unene wenyewe hupunguza uwezo wa figo kuitoa asidi ya yuriki. Mzunguko huo ukishafunga, ni vigumu kuufungua kwa kuacha maharage.

Nikija kwenye pombe, ushahidi unazidi kuwa mzito. Utafiti wa Choi uliochapishwa mwaka 2004 katika The Lancet uliwafuata wanaume 47,150 kwa miaka 12, na 730 kati yao wakapata gauti. Waliokunywa bia mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya mara mbili na nusu ya wasiokunywa. Pombe kali nayo ilipandisha hatari, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Divai ya kiasi haikuonesha ongezeko la wazi. Msomaji wa Tanzania afanye hesabu moja hapa. Bia moja katika utafiti ule ni mililita 355. Chupa yetu ya kawaida ni mililita 500. Anayesema anakunywa mbili tu, kwa kipimo cha utafiti amekunywa karibu tatu. Namna pombe inavyofanya kazi inafanana na sukari katika hatua ya mwisho: ini likiivunja linatumia ATP, na mabaki yake huishia kuwa asidi ya yuriki. Juu ya hapo, uvunjaji huo huongeza asidi ya lakteti kwenye damu, nayo huzifanya figo zirudishe asidi ya yuriki mwilini badala ya kuitupa. Kisha pombe huukausha mwili, mkojo hutoka mwingi usiku, na damu huamka ikiwa nzito. Bia inaongeza la nne: imebeba purini zake yenyewe kutoka kwenye nafaka na chachu, hasa aina iitwayo guanosini ambayo hufyonzwa kirahisi. Nyama ya kilo nzima haina uwezo wa kufanya yote manne kwa wakati mmoja.

Je, kimpumu? Swali hili haliepukiki Ufipa, ambako ulezi umelimwa kwa vizazi na vizazi na pombe yake ni sehemu ya kazi ya pamoja, mahari, mazishi na mavuno. Kimpumu hunywewa kwa mirija kutoka kwenye chungu au ndoo ya ulezi uliochachuka, na maji ya moto huongezwa kadiri kinavyopungua. Kwenye ubaridi wa mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hilo ni burudani inayoeleweka. Wanaokitetea husema ni chakula, na hawasemi uongo: ulezi una chokaa na madini ya chuma, na uchachushaji huongeza baadhi ya vitamini. Lakini ubora wa ulezi haufuti kazi ya kilevi kwenye ini. Pia kimpumu, kama komoni, hakichujwi kama bia ya kiwandani. Chachu yenyewe, yaani mamilioni ya chembe hai zilizojaa purini, imo ndani ya kinachonyonywa. Hata kama kilevi chake ni kidogo kuliko cha bia, kikao chake ni kirefu, na anayekaa mrijani kutoka saa nane mchana hadi jua lizame hawezi kujitetea kwa udogo wa kilevi. Anayetaka faida ya ulezi bila madhara hayo ana togwa, kinywaji ambacho bibi zetu walikijua vizuri, ilimradi asikimwagie sukari. Gongo ni habari nyingine na mbaya zaidi. Huko kusini mwa Marekani madaktari walieleza aina ya gauti kwa wanywaji wa pombe haramu iliyotoneshwa kwa kutumia rejeta za magari: risasi iliyokuwa kwenye maungio ya mitambo iliingia kwenye pombe, ikaharibu figo, na figo zilizoharibika zikaacha asidi ya yuriki ijae. Kila mtambo wa gongo uliotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyolehemewa una uwezo wa kufanya hivyohivyo.

Sasa turudi kwa watuhumiwa wa jadi. Mwaka 2004, kundi lilelile la watafiti lilichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo kuhusu chakula. Wanaume waliokula nyama nyingi zaidi walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya waliokula kidogo zaidi, na kwa samaki ongezeko lilikuwa asilimia 51. Hayo si ya kupuuzwa. Lakini mboga na mikunde yenye purini nyingi, maharage na njegere zikiwemo, hazikuongeza hatari hata kidogo. Maziwa yalihusiana na kupungua kwa hatari. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu matokeo hayo yatoke, na bado mzee wa Kate anaambiwa aache maharage aliyolima mwenyewe. Dagaa ninakubali wana purini nyingi, na katika wiki ya shambulio ni busara kuwaweka kando. Lakini kundi lililoonesha hatari kubwa ni la walaji wakubwa wa nyama na samaki katika nchi tajiri, watu ambao sahani yao ya siku moja ni kitoweo cha familia nzima huku kwa wiki. Kijiko cha dagaa juu ya ugali hakilingani na hicho. Kuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu na makatazo haya. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Ni Iringa na Njombe tu zilizokuwa juu yetu. Katika mkoa ambao nusu ya watoto hawafikii kimo chao, baba akitangaza kwamba maharage na dagaa ni sumu, chungu kinachobadilika si chake peke yake. Mama anapika chungu kimoja. Ushauri mbaya kwa mgonjwa mmoja unageuka njaa ya protini kwa watoto watano, na hakuna anayeuandika kwenye kitabu cha kliniki.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni lile la urithi. Mwaka 2018 Tanya Major na wenzake wa New Zealand walichapisha katika BMJ uchambuzi wa Wamarekani 16,760 wenye asili ya Ulaya, wakaonesha kwamba tofauti za chakula zinaeleza sehemu ndogo sana ya tofauti za asidi ya yuriki kati ya mtu na mtu, wakati tofauti za vinasaba zinaeleza karibu robo. Basi wapo wanaohitimisha kwamba chakula na kinywaji havina maana, kila mtu ale na anywe atakacho, na mwenye bahati mbaya ameze dawa. Ninaupokea utafiti huo, nalikataa hitimisho. Kwanza, ulipima watu wasio na gauti, nasi tunazungumzia mtu ambaye damu yake imeshafika ukingoni, ambaye bia tatu za Jumamosi zinatosha kumvusha. Pili, hata humo, bia, pombe kali na soda zote zilijitokeza kwenye orodha ya vinavyopandisha. Tatu, vinasaba vinaeleza kwa nini jirani mmoja anaugua na mwingine hapana. Haviwezi kueleza kwa nini ugonjwa unaongezeka katika jamii nzima ndani ya kizazi kimoja. Wamaori wa New Zealand ni mfano unaoumiza. Wana urithi unaofanya figo zibakize asidi ya yuriki, na sasa ni miongoni mwa watu wenye gauti nyingi zaidi duniani. Vinasaba vyao ni vya mababu. Bia na soda zililetwa na meli. Urithi ulikuwa umelala, kinywaji kikauamsha. Afrika nayo, vitabu vya tiba vya ukoloni vilisema gauti ni nadra kwa mtu mweusi, hadi miaka ya 1980 madaktari wa Durban walipoanza kuwaandika wagonjwa Waafrika. Hatukubadilika damu katika miaka hiyo michache.

Kilichobadilika kwetu kinaonekana kwa macho. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa Millennium Challenge, imekuwa baraka kwa mkulima wa mahindi wa Ufipa, na hakuna mwenye akili atakayeililia barabara ya vumbi. Lakini lori linaloshuka na mahindi hurudi na kitu, na kitu hicho mara nyingi ni makreti. Soda ilikuwa ya sikukuu. Sasa ipo kwenye kila kioski penye kreti na kivuli. Kwenye kipaimara na harusi za baada ya mavuno mpangilio ni uleule kila mahali: wanywaji wanapewa bia, na wasiokunywa, walokole, wazee waliokatazwa na daktari, akina mama na watoto, wanapewa soda mbilimbili. Aliyeacha pombe kwa ajili ya gauti anaketi upande wa soda akiamini amesalimika. Huyu ndiye mtu anayenisikitisha zaidi katika habari hii yote, kwa sababu ametii, ameacha nyama, ameacha maharage, ameacha bia, na chupa aliyopewa kama heshima inampandishia kilekile alichokikimbia.

Najua kuna watakaosema maneno haya yanawapiga akina mama wanaopika pombe ili kulipa michango ya shule na kununua mbolea. Sitetei marufuku. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, na ilikuwa na sababu nzuri, kwa maana vilikuwa vikiuzwa hata kwa watoto. Lakini kimpumu si kiroba, na kumkimbiza mama na chungu chake hakujawahi kumponya mtu kidole. Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana: mtu aliyepimwa akakutwa na kiwango kilichozidi, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa figo, aelezwe wazi kwamba kwake yeye pombe na sukari ndizo za kwanza kuondoka. Kundi hilo si dogo. Utafiti wa taifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa 2012, uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ulikuta takriban robo ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wana kisukari. Magonjwa hayo na gauti hukaa nyumba moja, na sukari inayosababisha moja inachochea jingine.

Uaminifu unanidai niseme pia kwamba kinywaji si maelezo ya kila kidole kilichovimba. Dawa za kupunguza maji mwilini wanazopewa wenye shinikizo la damu, zile za kundi la thiazidi, hupandisha asidi ya yuriki. Aspirini ya dozi ndogo hupandisha. Pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu zinazotumika katika miezi miwili ya mwanzo wa tiba, hupandisha sana, na mgonjwa wa kifua kikuu anayeumwa viungo anapaswa kurudi kwa aliyempa dawa. Kuiacha kimyakimya ni kujiua. Wako pia wenye kiwango cha juu wasiougua maisha yao yote, na wako ambao damu ikipimwa katikati ya shambulio huonesha kiwango cha kawaida, kwa hiyo kipimo kirudiwe maumivu yakitulia. Mwenye mashambulizi ya kujirudia anahitaji dawa ya kushusha asidi hiyo, alopurinoli kwa kawaida, kwa usimamizi wa daktari na kwa muda mrefu, mpaka kiwango kibaki chini ya miligramu 6. Kuacha soda na bia humsaidia, lakini hakuchukui nafasi ya dawa. Na tabia ya kununua diklofenaki kila mguu unapouma, mwaka hadi mwaka, bila kupimwa, inaziua taratibu figo zilezile tunazozitegemea kuutoa mzigo.

Ombi langu basi ni kwa watu wa aina mbili. Watoa huduma wa Nkasi, Kalambo na Sumbawanga, kuanzia zahanati za vijijini hadi hospitali ya mkoa na ile ya Dk. Atiman, waandike upya karatasi wanayompa mgonjwa wa gauti. Mstari wa kwanza uwe pombe, hasa bia na zote zisizochujwa. Wa pili uwe soda, juisi za viwandani, vinywaji vya kuongeza nguvu na sukari ya chai. Wa tatu uwe nyama na samaki kwa kiasi, na dagaa wapumzishwe wakati wa shambulio. Maharage yasiwemo kabisa, na maziwa yapendekezwe kwa anayeyapata. Nawe msomaji mwenye gauti, au unayemuuguza mwenye gauti, kabla hujamwambia mpishi wa nyumba yako apunguze chochote kwenye chungu, chukua karatasi uandike kwa wiki moja kila chupa, kila mrija na kila kijiko cha sukari kilichopita mdomoni. Kisha nenda nayo kwa daktari pamoja na majibu ya damu, na maharage uendelee kula.